Peleti za Kuonja, Peleti za Kula

Idrisa mwanangu,

Mimi mzima, na wewe najua u mzima, maana nimekusikia sasa hivi ukicheka na wenzako pale getini mkielekea mtaa wa Bez Valley kuagana. Cheka baba, cheka. Mimi nimekaa kitandani kwako, begi lako limeshafungwa liko miguuni pangu, jua la alasiri limebaki kipande kimoja tu dirishani nami nimelifuata hapo hapo kama paka. Nilitaka kukurekodia sauti kwenye WhatsApp. Nimeanza mara tatu, mara tatu nimefuta, kwa sababu kila nikifungua mdomo inatoka sauti ya ugomvi, na sitaki uisikilize kwenye basi mbele za watu. Kwa hiyo nakuandikia. Kiswahili chako cha kusoma ni cha kusuasua, utafuata maneno kwa kidole kama mtoto wa madrasa. Ndivyo ninavyotaka, usome polepole.

Mambo ya kuvaa soksi mbili mbili, ya kuswali kwa wakati, ya kunitumia ujumbe ukifika, siandiki. Umeyasikia miaka ishirini na miwili. Kama hayajaingia kwa sikio hayataingia kwa karatasi.

Nataka kuzungumza habari ya Ijumaa. Ulikaa pale mezani, chai haijapoa, ukaniambia umepata kazi Sabie, huko kwenye misitu ya misonobari. Nikasema alhamdulillahi. Nikakuuliza, kwa nani? Ukatazama kikombe. "Kwa Shangazi Nyamizi, Mama. Ana kiwanda chake kidogo cha peleti za kuwashia moto sasa. Nataka radhi yako kabla sijaondoka." Mimi nikainuka nikaenda kuosha sufuria ambalo lilikuwa safi. Leo siku ya tatu sijakujibu, na kesho alfajiri unapanda basi. Wewe unadhani nimenyamaza kwa hasira. Hasira ninayo, tena tele, lakini si hiyo iliyonifunga mdomo. Kuna mambo mawili sijawahi kukwambia, na bila hayo jibu langu lingekuwa uongo.

Nianze na baridi, maana yote yalianzia kwenye baridi. Mimi mtu wa Buguruni, Dar, nimekuja mji huu sijui baridi ni kitu gani. Mwaka wa kwanza, mwezi wa sita ulipoingia, nilidhani naumwa. Nilimwambia baba yako, Mungu amrehemu, anipeleke hospitali, vidole havisikii. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanunua hita ya parafini, ile ya bati, na usiku ule chumba kizima kilinuka kama gereji lakini nililala. Baadaye ukazaliwa wewe, na kifua chako kikaanza kukorota kwa ule moshi, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu wa kupima.

Nyumba yetu hii unaijua ndani nje. Vyumba sita, familia sita, mita moja ya umeme. Hita za umeme mwenye nyumba alizipiga marufuku baada ya Baba Désiré, yule Mrundi wa chumba cha mbele, kukutwa na hita mbili uvunguni mwa kitanda, wakati yuniti za nyumba nzima zimekwisha siku moja tangu tununue. Kwa hiyo kila mtu alijitafutia chake. Mimi nikabuni kipimo changu. Nachukua noti moja ya randi hamsini, nanunua kitu kimoja cha kuwashia, nawasha magharibi, nazima wewe ukishasinzia baada ya isha, naangalia hamsini yangu imenifikisha jioni ngapi. Wiki inayofuata kitu kingine, hamsini ile ile.

Parafini jioni tatu, macho yanawasha na chai inanuka. Gesi nne au tano, safi kabisa, ila duka letu linajaza mtungi mzima au halijazi, kwa hiyo mwenye hamsini moja mkononi aiangalie tu kwa macho. Umeme jioni sita, haushindwi na mtu kwa bei, lakini kwenye mita ya watu sita hamsini yako inampasha jirani. Kuni za makasha ni bure, lakini dohani lile la kizamani linavuta joto lote kwenda kuwapasha njiwa juu ya paa. Makaa ya mawe ndiyo mfalme, hamsini inakupeleka karibu wiki mbili, lakini uyawashe kwenye mbaula, ile ndoo iliyotobolewa matundu, uyaache nje mpaka moshi uishe, na hata hapo ukiiingiza ndani na kufunga mlango unaweza usiamke. Tulishamzika mtu wetu mmoja wa mtaa wa Alexandra hivyo hivyo, kijana mzima, hana jeraha.

Watu wakaanza kuniuliza. Mtu akihamia mtaani kwetu anaambiwa, muulize Mama Idrisa, ana kipimo chake. Wakongo, Warundi, watu wa kwetu, wote. Nilipenda, Idrisa. Mimi niliyeacha shule darasa la saba nikawa mtu wa kuulizwa. Nilipenda mno, na huo ndio mlango alioingilia Nyamizi.

Nyamizi umekua naye, unamwita shangazi, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza alikuwa nani kwangu. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi wa Tabora. Sisi ni watani tangu enzi za mababu, walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Siku ya kwanza tunaonana, kwenye harusi moja kule Rosettenville, sijui hata jina lake, aliposikia tu mimi Mzaramo akanyanyua sahani yangu ya pilau akaanza kula. "Mtumwa wangu huyu," akawaambia watu, "anakulaje kabla yangu?" Nami nikamjibu, "Mpagazi we, umeweka wapi mzigo wa watu?" Tukawa tumeshajuana. Mtani anaweza kukuchukulia kitu, kukutukana mbele za watu, kukwambia neno ambalo mwingine akilisema mnapelekana polisi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unacheka, unajibu. Ndiyo sheria yenyewe, na mimi niliishika kuliko sala ya sunna.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Unakumbuka jeneza lilipotaka kutoka, Nyamizi akajilaza mlangoni, kavaa koti la marehemu, anasema haendi mtu hapa mpaka nilipwe, huyu alikuwa mtumwa wangu amekufa bila kuaga? Wakongo walishangaa, walidhani kapandwa na wazimu. Halafu akainuka akatembea ule mwendo wa baba yako, wa kuburuta mguu wa kushoto, mpaka wewe mwenyewe ukacheka na machozi yako usoni. Siku ile nilijisemea, huyu ni ndugu. Watu wote walinipa pole, yeye peke yake alinipa pumzi. Kwa hiyo unapofikiri labda nilimwamini kijinga, kumbuka lile koti.

Mwaka juzi, kabla baridi haijashika, alikuja na pikapu. Ameshusha jiko la bati nzito lenye bomba lake la kutolea moshi dirishani, na magunia mawili ya peleti. Mimi nilikuwa sijaziona, vile vijiti vifupi vya maranda yaliyoshindiliwa, vinafanana na chakula cha kuku. Akasema, "Mzaramo, wewe si una kipimo? Haya, pima hiki. Jiko lako, sitaki kitu. Ukiridhika waambie wenzako." Nikapima. Nikamtolea hamsini kwa nguvu ili kipimo kiwe halali, akanipimia zake. Jioni sita. Sawa na umeme, bila mita, bila mwenye nyumba, bila macho kuwasha, hata umeme ukikatika moto unaendelea. Chumba kilinukia msonobari. Nilikuwa nakaa kwenye kiti nautazama ule moto kama watu wanavyotazama tamthilia.

Jumapili iliyofuata nikasimama kwenye kikundi chetu cha kina mama, kilichokuwa kikikutana hapa kwetu, nikaeleza kama mwalimu. Mama Furaha, jirani yetu Mkongo wa chumba cha nne, akaniuliza kama kweli hazina moshi, maana binti yake ana kifua. Nikamjibu, "Nimepima mwenyewe. Niamini mimi." Maneno hayo mawili, niamini mimi, natamani ningeyameza yaninyonge. Familia tisa zilichukua majiko, na peleti za msimu mzima wakalipia kabisa, kwa sababu Mama Idrisa kapima.

Magunia yalipofika na watu wakaanza kuwasha, malalamiko yakaja siku hiyo hiyo. Moshi. Macho. Harufu ya vanishi. Mimi nawasha yangu, safi, msonobari mtupu. Basi nikaona wao ndio wenye kasoro. Niliwaambia hawajui kuwasha, wanashindilia, hawafungui tundu la hewa. Mama Furaha nilimwambia mbele ya watu kwamba ninyi mmezoea makaa, hii ni ya kufundishwa. Alijifunga kitenge chake vizuri, akaenda zake. Hilo sikulisahau.

Jumapili iliyofuata Nyamizi mwenyewe alikuwepo kikundini, amekuja kutuletea mihogo. Mtu mmoja akamuuliza, mbona peleti zetu na za Mama Idrisa hazifanani? Nyamizi akapiga makofi, akasema kwa sauti yake ile, "Mzaramo nilimpa za kuonja, ninyi nimewapa za kula! Mngekuja wangapi kama mtumwa wangu hakulamba midomo?" Wakaanguka kicheko. Nami nikacheka, Idrisa. Nilicheka kuliko wote. Tena nikajibu, "Mpagazi tangu lini akabeba chakula kizuri akafika nacho?" Wakacheka tena. Mwanamke kasema ukweli wote, mbele ya mashahidi kumi na tano, kasema kanitumia mimi kama chambo, na mimi nikampokea kwa mzaha kwa sababu mtani hakasirikiwi. Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuniambia vile nikacheka.

Jumatatu lile neno likanirudia nikiwa nakanda unga. Za kuonja, za kula. Nikanawa mikono, nikaenda kwa Baba Désiré nikamwomba peleti kidogo, nikamdanganya kwamba zangu zimelowa. Nikachukua mabakuli mawili ya maji, nikayaweka dirishani. Zangu nikatia hili, zake lile. Baada ya muda zangu zikafumuka, zikawa maranda meupe tu, maji yananukia mti. Zake zikatoa utando juu ya maji, na vipande vidogo vidogo vya rangi, kijani, nyeupe, na gundi. Zilikuwa zimesagwa kutokana na kabati na milango ya zamani. Familia tisa walikuwa wanachoma rangi ya kabati chumbani wanakolala watoto.

Jambo la kwanza ambalo sijakwambia ni hili. Siku hiyo nilijua, na sikusema kitu. Nilimwaga yale maji, nikaosha mabakuli, nikaendelea na unga wangu. Nilijiambia nitaongea kwanza na Nyamizi abadilishe magunia kimya kimya, watu wasijue. Nikampigia, hapokei. Kesho nikampigia tena. Nikajiambia bado siku moja. Kusema kweli nilikuwa naona aibu. Ningesimamaje tena mbele ya wale wanawake, mimi mwenye kipimo? Na magunia yangu mazuri, niliyoletewa pamoja na ya wenzangu, yalikuwa bado manne uvunguni. Kila jioni niliwasha msonobari wangu, nikasikia ng'ambo ya ukuta mtoto wa Mama Furaha akikohoa, nikaongeza sauti ya redio.

Siku nane, Idrisa. Siku ya nane Furaha alibebwa midomo ikiwa ya bluu, akalazwa hospitali na mashine ya kupumulia. Alikuwa na miaka minne. Alirudi, Mungu mkubwa, lakini mpaka leo anatembea na ile pampu yake mfukoni, na ukipanda naye ngazi anasimama katikati.

Ndipo nikasema. Nikawaambia wote waache kuwasha, peleti ni mbovu, Nyamizi katudanganya. Katudanganya, nilisema, sisi sote. Zile siku nane nikazikalia. Watu hawakuwa wajinga, walishajua nani alisimama akasema niamini mimi. Kikundi kikahamia kwa mtu mwingine bila kuniambia, nikapika chai ya watu kumi na tano nikainywa peke yangu. Wakaniita wakala. Wengine wakasema nililipwa. Nyamizi alipokea simu mara moja tu. Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Unajua alisema nini? Alicheka. "Mzaramo, umenuna? Mtani hanuni." Akakata. Baada ya wiki nikaenda Rosettenville kwa miguu yangu, karakana yake ya peleti tupu, mlango wazi, mlinzi anafagia. Nilikaa pale kwenye ngazi nikalia, na sikulilia peleti. Nililia lile koti la baba yako. Yeye aliufanya utani wetu kitambaa cha kufutia mikono, akichafua anapangusa hapo. Tangu siku hiyo nikisikia Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana mahali naondoka, na hilo ni moja katika vitu alivyoniibia.

Sasa la pili, na hili linakuhusu wewe. Siku ile ya mabakuli, kwa Baba Désiré, gunia lake lilikuwa limefungwa kamba nyeupe. Yangu yote yalikuwa na kamba ya bluu. Lakini fundo lilikuwa moja. Ni lile fundo la baba yako, la kufungia mizigo ya mabasi ya Dar, ukivuta ncha fupi linafunguka lenyewe. Mji huu mzima, baba yako akiwa kaburini, fundo lile anajua kulifunga mtu mmoja. Wewe ulikuwa unakwenda kwa Nyamizi kila Jumamosi kumpakilia mzigo, na mimi nilifurahi mwanangu anajituma. Wewe ndiye uliyefunga bluu. Wewe ndiye uliyefunga nyeupe. Ulijua kuna malundo mawili, ukaniletea zuri nyumbani, ukanisikia Jumapili nikisema niamini mimi, ukanyamaza.

Nami sikukuuliza. Miaka miwili nimekufulia nguo, nimekupakulia chakula, tumetazama mpira pamoja, na lile fundo limenikaa kooni. Niliogopa utaniambia ulijua. Niliogopa zaidi utaniuliza, na wewe Mama, ulijua lini? Tumekaa humu ndani kila mmoja kamficha mwenzake. Halafu Ijumaa unakuja unaniambia unamfuata yule yule, kwenye kazi ile ile, ya zile zile peleti, na unataka nikuombee dua juu yake. Umenisaliti, Idrisa. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, maana nimejaribu kulitafutia neno dogo sikulipata. Nyamizi alinichoma mara moja. Wewe umenichoma kwenye kovu.

Sikwambii usiende. Una miaka yako, na najua ulivyozunguka mji huu na vyeti vyako, kila mahali unaambiwa tutakupigia. Sikwambii pia kwamba peleti ni haramu. Kwa kipimo changu bado ni kitu kizuri, zikiwa msonobari mtupu. Ninachoweza kukupa ni kile nilichojifunza kwa gharama ya mtoto wa mtu. Mtu akikwambia yeye ni nani, hata akisema huku anacheka, basi umeshaambiwa, msikie. Na ile siku ya kwanza unapojua jambo, ndiyo siku nyepesi ya kulisema. Mimi niliona kesho itakuwa rahisi, na kila kesho iliyokuja ilikuwa ngumu kuliko jana yake, mpaka ikafika hospitali.

Nimesoma hapo nilipofika, nikaona aibu mpya. Nakufundisha wewe kusema, wakati Mama Furaha yuko hatua kumi kutoka kitanda hiki na sijawahi kumwambia zile siku nane. Yeye anajua nilidanganywa. Hajui kwamba nilijua. Ngoja, naiweka kalamu chini. Nakwenda kugonga sasa hivi, kabla hujarudi, maana nikimaliza barua kwanza sitakwenda.

Nimerudi. Nimeishika kalamu tena.

Nilimkuta anamsuka Furaha nywele. Nikakaa kwenye ndoo. Nikamwambia yote, mabakuli, utando, redio niliyoiongeza sauti, siku nane. Sikuomba maji wala sikulia, nilijizuia nisimpe kazi ya kunibembeleza. Yeye aliendelea kusuka. Alipomaliza mstari akamwambia Furaha aende nje akacheze. Halafu akanitazama.

"Dada, ile ninajua," akasema. "Idrisa alishaniambiaka."

Nikasema, Idrisa yupi?

"Idrisa wako. Mwezi ule tulitoka hospitali. Alikuja hapa analia, anachanganya Kizulu na Kingereza, mi nasema bon, kaa kwanza. Akaniambia yeye ndiye alifungaka magunia. Akaniambia na mama alijua, aliona bakuli mbili kwenye dirisha, zina maji ya rangi, na mama hakusema kitu. Akasema, usimwambie, Mama atakufa na haya. Ile gesi yangu ya baridi, unafikiri inatoka wapi? Kila mwezi anabeba mtungi mwenyewe, anaingilia mlango wa nyuma, juu weye usimuone."

Mimi nilikuwa najua ile gesi anatumiwa na kaka yake wa Durban. Nilishawahi hata kusema, una bahati una kaka.

Nikamuuliza, sasa miaka yote hii, mbona unanisalimia? Akasema, "Siku yote unapitaka hapa, unasema habari za asubuhi, mi najisemea, leo atasema. Nilikuwa nakungoja weye. Mtoto wako alikuja siku ya tano tangu tulitoka hospitali. Weye umekuja leo."

Hakusema kwa ubaya. Hakusema pia kwamba kanisamehe, na sikumuuliza.

Kwa hiyo hivi ndivyo mambo yalivyo, mwanangu. Nyamizi simsamehe, na wewe kumfuata bado inaniuma, na sababu yako bado siijui. Mama Furaha nilimuuliza, naye haijui. Labda utaniambia, labda ni kazi tu, mtu ana njaa ya kazi. Lakini nimekaa hapa siku tatu nikiwa nimeshika radhi yako mkononi kama hakimu, nikikusubiri ukiri. Kumbe ulishakiri, kwa aliyestahili, siku ya tano, ukalipa kwa mabega yako, na ulipokuwa unalipa ulikuwa unanifichia aibu yangu humu humu ndani, kila siku, huku ukila chakula changu na kunitazama usoni. Uliyaona yale mabakuli. Ulijua mama yako ni mtu wa namna gani, na bado ukaja Ijumaa ukaomba radhi yake.

Nasikia geti. Ni wewe, nakujua kwa unavyoburuta mnyororo. Nitakupa hii karatasi mkononi, sitaiweka kwenye begi, na uisome hapa hapa mbele yangu, kwa kidole, hata ikikuchukua mpaka isha. Ukifika mstari huu usiseme bado chochote kuhusu radhi yako.

Niwie radhi wewe kwanza, Idrisa. Halafu uniombe yako.

Mama yako